Mkono Huu ni wa Nani?

"Dada, alama hii imeshaombwa."

Kidole alisikia vizuri, lakini siku ile hata masikio yake yalikuwa yamechoka. Akauliza tena. "Imeshafanywaje?"

"Imeshaombwa. Kuna mtu amekutangulia." Mama wa dirishani katika ofisi ya alama za biashara, mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, aligonga meza kwa ncha ya kalamu. "Wiki tatu zilizopita. Mchoro huu huu, jina hili hili, bidhaa hii hii. Sabuni."

Nyuma ya Kidole watu walijaa kwenye mabenchi, kila mmoja na namba yake mkononi na bahasha yake ya kaki. Yeye alifika kabla milango haijafunguliwa. Siku tatu mfululizo alikuwa amesimama mbele ya sufuria, anakoroga mafuta na kostiki, ile dawa kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, na miguu ilikuwa imemvimba hadi viatu vikambana. Alijiambia avumilie asubuhi moja tu, aandikishe alama ya sabuni yake, kisha arudi nyumbani alale mpaka achoke kulala.

Miaka mitatu alikuwa akiliahirisha jambo hili. Mwaka wa kwanza alisema, nani atahangaika kuiba jina la sabuni inayouzwa kwenye beseni? Mwaka wa pili akasema ngoja kwanza apate chumba cha kazi. Mwaka wa tatu posa ikaja, akasema baada ya harusi. Wiki iliyopita shangazi yake alirudi kutoka sokoni na mche wa sabuni ya watu wengine, umefungwa kwa karatasi ya kijani kama ya kwake, na juu ya karatasi kuna picha ya mkono kama wa kwake. Tangu siku hiyo usingizi ulimruka.

"Ni wale wa sokoni," alisema. "Mama, hao wameniigiza. Mimi nauza sabuni hii mwaka wa nne sasa. Muulize mtu yeyote kama haijui sabuni ya Kidole."

"Mimi sijui wa sokoni wala wa wapi. Hebu angalia mwenyewe."

Akaigeuza kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na mkono wa kulia wa mwanamke, umeshika mche wa sabuni, kidole cha mwisho kimepinda kuelekea kiganjani. Wale wa sokoni walichora mkono wenye vidole vizima, vyote vimenyooka. Huu haukuwa mchoro wao.

Mama wa dirishani alivaa miwani. Akatazama kioo, akautazama mkono wa Kidole uliolala juu ya meza, akarudi kwenye kioo.

"Mwanangu," akasema polepole, "mkono huu ni wako."

"Ni wangu."

"Na mwombaji je, unamfahamu?"

Kidole alisoma. Yalikuwa majina matatu marefu ambayo aliwahi kuyaona mara moja tu maishani mwake, kwenye kitambulisho chenye picha aliyoicheka mpaka machozi kwa sababu ya nywele. Mji mzima ulimwita mtu huyo Brashi.

"Namfahamu," akasema. "Tunaoana baada ya miezi miwili."

Mama wa dirishani alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa amekaa kwenye dirisha lile miaka mingi na alishajua lini mtu anahitaji kuachwa apumue.

"Basi nendeni mkaongee nyumbani," akasema. "Ila msikawie."

"Kwa nini?"

"Nimekwambia msikawie. Humu ndani kila kitu kinakwenda kwa tarehe."

*

Brashi alikuwa mchoraji wa mabango. Duka gani mjini, kinyozi gani, fundi cherehani gani ambaye ukuta wake haukuandikwa naye? Miaka minne iliyopita Kidole alikwenda kwenye kibanda chake akitaka lebo ya sabuni, wakati huo bado akiitwa kwa jina lake la kuzaliwa. Alivaa sweta la mikono mirefu siku ya jua kali, kwa sababu kostiki ilishamuunguza kidole na kikapona kikiwa kimepinda, naye alikuwa akikionea aibu kupita kiasi.

"Nipe mkono niuchore," Brashi alimwambia siku hiyo.

Akampa wa kushoto.

"Hapa hatupeani wa kushoto. Nipe wa kulia."

"Wa kulia mbovu."

"Nipe huo huo mbovu."

Akaushika mkono ule saa nzima. Baadaye sana, walipokuwa wameshazoeana, alikiri kwamba mchoro wenyewe ulikuwa kazi ya dakika kumi. Watu wakaanza kuuliza sokoni, "Ile sabuni ya kidole ipo?" na mwisho wa mwaka hata shangazi aliyemlea alikuwa akimwita Kidole. Kitu alichokuwa akikificha kwenye sweta kikawa ndicho kinachomlisha. Ukitaka kujua kwa nini alimpenda Brashi, ni hapo, na wala hakuna haja ya kutafuta pengine.

Sasa mkono huo huo ulikuwa umeshika waya wa kukatia sabuni, katika chumba cha kazi nyuma ya nyumba, na waya ulikuwa unakwenda upande.

"Kaa chini," shangazi alisema. Alikuwa kwenye mkeka, anafunga miche kwenye karatasi bila hata kuitazama. "Utakata vipande vya shingo upande, nani atanunua?"

"Nikikaa sitainuka tena, shangazi."

"Ni yeye kweli? Umesoma vizuri? Maana macho yako tangu juzi ni mekundu."

"Majina matatu. Ni yeye."

Shangazi akaacha kufunga. "Na vile anavyokula hapa kwangu," akasema, "mtu anarudia sahani mara mbili."

"Akija naomba utuache."

"Nitawaacha. Nitakuwa chumba cha pili tu, nafanya kazi zangu."

Brashi alikuja saa tisa alasiri, kama ilivyokuwa desturi yake siku za kukata sabuni. Alikuja akipiga mluzi, na rangi ya bluu nyuma ya sikio. Shangazi akampita mlangoni bila salamu, akaingia chumba cha pili na kuuacha mlango wazi kidogo.

"Vipi, shangazi leo kaamka upande gani?" Brashi akacheka. Kisha akamwona Kidole. "Mbona umechoka hivyo? Umelala kweli wewe?"

"Nimetoka mjini. Ofisi ya alama."

Mluzi uliokuwa umebaki mdomoni mwake uliishia hapo hapo.

"Umekwenda kuandikisha?" akauliza.

"Nimekwenda kuambiwa nimeshaandikishwa."

Brashi akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akakaa. "Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Siku ya harusi. Nilitaka iwe zawadi."

"Zawadi." Kidole alivuta waya, mche ukakatika, akausogeza pembeni. "Unachukua kitu changu, unakifunga kwa karatasi, halafu unanipa mimi?"

"Si hivyo. Nisikilize kwanza. Miaka mitatu nakwambia andikisha, andikisha, mpaka mate yakanikauka. Wewe kila siku bado, bado kidogo, biashara bado changa."

"Uliniambia niandikishe. Hukuniambia kwamba nikichelewa utaandikisha wewe."

"Nilikwenda kuandika jina lako! Naapa. Wakasema mwombaji lazima atie saini mwenyewe, na kitambulisho chake kiwepo. Na wewe ulikuwa na ile oda ya hospitali, hata kula huli. Nikaona nikitoka pale mikono mitupu, kesho utasema bado tena. Nikaweka langu. Nikasema sisi tunaoana, langu na lako si kitu kimoja?"

"Kutoka pale ofisini mpaka hapa ni mwendo gani?"

"Nusu saa."

"Na saini yangu ingechukua muda gani?"

Kidole akauweka waya chini. Alitamani kupiga kelele, atupe kitu, afanye kama wanawake wanavyofanya wakitendwa, lakini nguvu ya kelele hakuwa nayo. Alikaa juu ya gunia, mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana, akautazama uso ule alioupenda.

"Brashi, mimi nimechoka. Kama unataka kunidanganya, nidanganye kesho. Leo nieleze ukweli, tumalize."

Akayainua macho. Kidole aliyajua macho yale yakicheka, yakiwa na homa, yakimtazama kwa siri katikati ya watu. Yakiwa na aibu alikuwa hajayaona bado.

"Mama," Brashi akasema.

"Mama kafanya nini?"

"Wiki moja kabla ya hapo aliniita. Akaniuliza, hivyo utakapooa, utakwenda kukaa wapi? Nikamwambia kwa mke wangu, maana ndiko kuliko na chumba cha kazi. Akaniuliza, na utakula nini? Nikasema, kazi yangu ipo, na sabuni ipo. Halafu akasema..." Akaanza kujikwangua rangi kwenye kucha. "Akasema, mwanangu, utalala kwenye nyumba ya mwanamke, utakula sabuni ya mwanamke, na jina lako halipo hata kwenye karatasi ya kufungia. Siku akikuchoka, utatoka na nini? Na ile brashi yako?"

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilitoka nikaenda kazini, nikaandika bango la mtu wa matairi. Jina lake, herufi kubwa, urefu wa mtu mzima. Nilipomaliza nikashuka kwenye ngazi, nikageuka, nikaanza kuhesabu majina barabara ile. Yote yangu, yaani yote nimeandika mimi. Mji mzima huu nimeandika majina ya watu, Kidole. Hakuna ukuta wenye langu."

Kidole alimwelewa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alimwelewa vizuri kabisa na bado alikuwa ameumia vile vile.

"Ungeniomba," akasema.

"Ungenipa?"

Alifikiri kwa dhati, kwa sababu swali lilistahili. "Sijui. Labda ningekataa. Lakini ungelijua jibu langu, na mimi ningelijua swali lako. Sasa mimi nimelijua swali lako dirishani, kwa mama mwenye miwani, watu arobaini wako nyuma yangu."

"Nisamehe."

"Mkono wangu, Brashi. Ningechukuliwa jina tu ningesema sawa, jina ni maneno. Umechukua mkono."

Alianza kulia, kilio cha mtu asiye na nguvu ya kulia, machozi yanashuka yenyewe na uso umetulia. Brashi aliinuka. Kwa mazoea ya siku zote za kukata sabuni alinyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kopo la mafuta, kwa maana kila alasiri ya siku hizo alikuwa akimpaka viganja vilivyokauka, kidole kwa kidole, na kile kilichopinda akikimalizia mwisho.

"Liache," Kidole alisema.

Akalirudisha taratibu, kama vile kopo lenyewe ndilo lililokuwa na uchungu.

"Kesho asubuhi nakwenda kulifuta lile ombi," akasema. "Mlango ukifunguliwa, mimi wa kwanza. Nalifuta, kisha unaandika lako. Na harusi... harusi utasema wewe."

"Nenda kalifute."

"Asifute!"

Shangazi alikuwa mlangoni. Kazi zake za chumba cha pili zilikuwa zimeisha ghafla. Mkononi alishika ule mche wa sabuni alioununua sokoni.

"Shangazi, uliahidi kutuacha."

"Nimewaacha. Ningekuwa sijawaacha ningeshampiga huyu na ndoo." Akaja katikati yao, akauweka ule mche juu ya meza, picha juu. Mkono, vidole vitano vimenyooka. "Hawa je? Wamelala? Akifuta la kwake saa mbili na wewe ukatia lako saa nne, kama hawa wameingia saa tatu? Yule mama wa dirishani alikwambia nini? Msikawie. Mtu hasemi msikawie bure."

Brashi na Kidole wakatazamana. Kwa mara ya kwanza alasiri ile walikuwa wanafikiria jambo moja.

"Kwa huyu mwanaume sisemi kitu," shangazi aliendelea. "Hilo ni lako, mwanangu, nami nimeshamtoa kwenye hesabu ya sahani. Ila asifute kitu mpaka muulize."

Kidole akafuta machozi kwa mgongo wa kiganja. "Kesho saa mbili," akamwambia Brashi bila kumtazama. "Ukichelewa, usije tena hapa."

*

Hakuchelewa. Kidole alimkuta ameshakaa kwenye benchi, shati limepigwa pasi, rangi ya bluu bado nyuma ya sikio kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Kisha wakasimama bega kwa bega mbele ya dirisha.

Mama mwenye miwani aliwatambua kabla hawajasema neno. "Mmeongea?"

"Tumeongea," Brashi akasema. "Nataka kufuta ombi langu."

"Unataka kufuta?" Alimgeukia Kidole. "Na wewe unataka afute?"

"Mimi nataka kuuliza kwanza," Kidole akasema. "Akifuta, kinatokea nini?"

Yule mama alitazama kushoto na kulia, akasogea kwenye kioo cha dirisha. "Siku kumi baada ya huyu bwana, walikuja wengine. Mkono, mche wa sabuni, karatasi ya kijani. Ombi lao limo humu. Kwa sasa haliendi popote, kwa sababu la huyu liko mbele yake na yanafanana. Huyu akilifuta la kwake leo, wao ndio wanakuwa wa kwanza. Wewe utakuwa nyuma yao, na hapo itabidi uingie kwenye kesi ya kuthibitisha miaka minne ya sokoni. Unaweza kushinda. Lakini utazeeka kidogo."

Kidole alishika ukingo wa dirisha. Kama Brashi asingemtendea vile, jana angekuja na bahasha yake akaambiwa kwamba wale wa vidole vilivyonyooka wamemtangulia. Kosa la mtu anayempenda lilikuwa limesimama mlangoni na kumzuia mwizi asiyemjua. Hakujua kama ashukuru au azabe kofi, na kwa yote mawili mkono ulikuwa mzito.

Aligeuka akamwona Brashi anapumua kwa nafuu.

"Usishangilie," akamwambia.

"Sijashangilia."

"Uso wako umeshaanza."

Mama wa dirishani akavuta karatasi kutoka kwenye droo. "Msifute. Hamisheni. Hii ni hati ya kuhamisha ombi. Yeye anatia saini kwamba anakupa, wewe unatia saini kwamba umepokea, na ile tarehe ya kwanza inabaki pale pale, ila mwenye alama unakuwa wewe. Yeye atatia saini hapa kwangu. Wewe utachukua namba nyingine, usubiri dirisha la nne."

"Na mchoraji anaandikwa wapi?" Kidole aliuliza ghafla.

"Mchoraji?"

"Aliyeuchora."

"Hapa hakuna sehemu ya mchoraji, mwanangu. Kuna mwenye alama tu."

Brashi aliichukua kalamu. Huyu alikuwa mtu wa kupanda ngazi na kuandika herufi ndefu kuliko yeye bila kutumia rula, na mstari wake haujawahi kwenda upande. Leo saini yake ndogo ilimtoka kama ya mtu anayejifunza kuandika. Akairudisha kalamu, akafuta kiganja kwenye suruali.

"Basi," akasema. "Mimi nimemaliza."

Lakini hakuondoka. Kidole alipewa namba arobaini na saba, na ubao wa dirisha la nne ulikuwa bado uko thelathini na moja, wakakaa tena kwenye benchi. Mtoto wa mtu alilia, akanyamazishwa. Feni ilizunguka ikipiga kelele juu yao.

"Mama nimemweleza," Brashi alisema hatimaye. "Asubuhi, kabla ya kuja. Nimemwambia narudisha."

"Akasemaje?"

"Akasema nimelogwa na sabuni."

Kidole alitaka kukasirika. Badala yake kicheko kidogo kilimtoka puani, akakizuia. "Mbona kuna kitu nyuma ya sikio lako."

"Wapi?"

"Rangi. Tangu jana." Hakumfuta, lakini alimwonyesha, na Brashi akajisugua mpaka sikio likawa jekundu.

"Karatasi mpya zitachapishwa mwezi ujao," Kidole akasema, macho yake yakiwa kwenye ubao wa namba. "Za zamani zinakwisha. Utakapopeleka mchoro kwa mchapishaji, chini pembeni andika jina lako. Mchoro wa fulani."

Brashi alimgeukia taratibu. "Dogo kiasi gani?"

"La mama yako kuweza kulisoma akivaa miwani."

Akainamisha kichwa, akabaki hivyo. Kidole aliona tone moja likianguka kwenye kiatu chake kilichopigwa kiwi, akaangalia pembeni ili asimwaibishe.

"Na harusi?" Brashi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Unajua yule mama aliniambia nini nilipochukua namba? Kwamba alama haisajiliwi siku hiyo hiyo. Wakishaikubali wanaitangaza kwanza, inakaa siku sitini. Mwenye pingamizi ajitokeze, aandike, aseme mbele ya watu. Siku sitini zikipita kimya, ndipo inakuwa yako."

"Ndiyo."

"Basi na wewe nakutangaza." Aliegemeza kichwa ukutani. "Siku sitini kuanzia leo. Mama yako akiwa na pingamizi, alilete kwangu, aliseme mbele yangu. Asikunong'oneze wewe ukaja kunipiga nalo mgongoni. Na wewe ukiwa na lako, ulilete hivyo hivyo, kwa mdomo, siku hiyo hiyo. Hata kama nakoroga sabuni. Hata kama nimelala."

"Na wewe je?" Sauti ya Brashi ilikuwa chini sana. "Ukiwa na pingamizi wewe?"

Kidole alifumba macho. Moyo wake ulikuwa bado unauma pale pale ulipouma jana, na alijua utauma na kesho. Lakini bega lililokuwa pembeni yake alilizoea, lilinuka rangi na tapentaini, na mwili wake, ambao haukuwa umeshauriana naye, ulishaanza kulielekea.

"Leo sijui," akasema. "Leo nimechoka tu. Shika hii."

Akamwekea kile kikaratasi cha namba kiganjani, akakifunga kiganja chake kwa mkono wake wa kulia, kidole kilichopinda kikabaki kidogo juu ya vidole vya Brashi kabla hakijaondoka.

"Wakiita arobaini na saba, niamshe."

Akalala. Alilala pale pale, kwenye benchi la mbao, mdomo wazi kidogo, kichwa kikitelemka hatua kwa hatua mpaka kikafika begani. Brashi hakutikisika. Thelathini na nane ikaitwa, arobaini ikaitwa, watu wakapita wakikanyagana, mama mmoja akawatazama akatabasamu. Bega lilimfa ganzi. Kiganja kilichoshika namba kilitoa jasho mpaka wino ukaanza kufifia, akakihamishia kwenye mfuko wa shati, kisha akakitoa tena kwa kuogopa kukipoteza. Arobaini na tano. Arobaini na sita, ambayo mwenyewe hakuwepo.

"Arobaini na saba! Mwenye alama yuko wapi?"

Kwa wiki tatu nzima, kwenye karatasi za ofisi ile, mwenye alama alikuwa yeye. Brashi akaugusa mkono wa Kidole, ule wa kulia.

"Amka," akasema. "Wanakuita wewe."